Moto wa Plagi: Spea ya Kuazima, ya Mtumba au Mpya?

Mashine ya boti ikipoteza moto katikati ya giza, hasara huanza usiku ule ule. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, na wenzao wa pwani wanaovua kwa taa, hutegemea usiku usio na mbalamwezi, ndilo giza lenyewe. Mwezi ukijaa, vyombo hukaa. Kwa hiyo tajiri ambaye mashine yake imegoma hana nafasi ya kuzunguka mwezi mzima akiulizia bei. Ana siku chache za kuamua: anunue spea mpya, achukue kopi, atafute ya mtumba, au afungue kwenye mashine nyingine iliyolazwa pembeni.

Hiyo ya mwisho huonekana ya bure, na ndiyo yenye gharama nyingi zilizojificha. Ninaandika kwa ajili ya mwenye mashine ya kupachika ya stroku mbili, ya farasi 8 hadi 40, inayowashwa kwa kuvuta kamba, ambaye kila shilingi aliyonayo tayari ina kazi inayoingoja. Msimamo wangu ni huu: koili ya plagi unaweza kuiazima hata kwenye mashine ya ukoo mwingine; CDI, kisanduku kinachohifadhi umeme wa moto na kuuachia kwa wakati wake, iazime tu namba zikilingana; flaiwili na koili zilizo chini yake zihame pamoja au zisihame kabisa.

Anza na vya bure

Fundi akisema "CDI imekufa" kabla hajafungua hata plagi, mwambie asubiri. CDI ndiyo spea ghali kuliko nyingi kwenye mfumo wa moto, na ndiyo husingiziwa kwanza.

Anza na swichi ya kuzimia, pamoja na ile kamba ya usalama inayofungwa mkononi mwa nahodha. Kazi ya swichi ni kuupeleka umeme kwenye ethi ili mashine izime. Klipu ikiwa imetoka, au swichi ikiwa imeingia chumvi, mashine iko kwenye hali ya kuzimwa muda wote, uvute kamba mpaka kiganja kichubuke. Chomoa waya wa swichi kwa muda, vuta kamba, tazama plagi. Moto ukirudi, unachohitaji ni swichi, na swichi ni ya bei ndogo.

Kisha nenda kwenye ethi. Maji ya chumvi hula pale waya unapofungwa kwenye chuma cha mashine, na kutu ya hapo huzuia umeme usirudi. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Ni kazi ya muda mfupi isiyohitaji duka, na imewaokoa wengi wasinunue CDI ambayo hawakuihitaji.

Plagi na kofia zake nunua mpya bila kusita, maana hata ikitokea siyo zenye kosa, bado utazihitaji. Angalizo moja tu: namba ya joto iliyoandikwa kwenye plagi haisomwi sawa kwa watengenezaji wote. Kwa wale wa Japani, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa baadhi ya wale wa Ulaya na Marekani ni kinyume chake. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe namba 8 ya aina yoyote". Peleka plagi ya zamani, au namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, umwombe akutafutie inayolingana kwenye jedwali. Plagi ya joto kuliko inavyotakiwa, kwenye mashine inayokwenda kasi saa nzima bila kupumzika, inaweza kutoboa pistoni. Umeokoa bei ya soda, umepoteza mashine.

Halafu kuna kii ya flaiwili, kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachoishikilia flaiwili mahali pake juu ya krenki. Nati ya juu ikiwa haikukazwa sawasawa, au propela ikigonga jiwe au kisiki, kii hukatika nusu au kukatika yote. Flaiwili husogea kidogo tu. Moto kwenye plagi unauona, mzuri kabisa, lakini unakuja wakati usio wake. Mashine inapiga kelele nyuma, inarudisha kamba mkononi, au haiwaki kabisa. Watu wameshabadilisha koili, CDI na kabureta kwa sababu ya kii ambayo bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kuinunua.

Kama mashine yako ni ya silinda 2 na kila silinda ina koili yake, kuna jaribio jingine la bure: badilisha koili, ya juu ishuke chini na ya chini ipande juu. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki kwenye silinda ile ile, koili ni nzima na pesa yako ibaki mfukoni. Mashine nyingine hutumia koili moja yenye nyaya mbili inayowasha plagi zote mbili kwa pamoja. Kwenye hizo, plagi moja mbovu huweza kudhoofisha na mwenzake, kwa hiyo badilisha zote mbili kabla ya kuilaumu koili.

Onyo moja hapa: usivute kamba huku kofia ya plagi ikining'inia hewani. Plagi ikae ndani ya kofia na chuma chake kiguse mwili wa mashine. Umeme usipopata pa kutokea hurudi na kuiunguza koili au CDI, na hapo utakuwa umejinunulia kosa jipya. Na pipa la petroli liwe mbali.

Kinachoendelea chini ya flaiwili

Huwezi kujua kipi kinaazimika bila kujua kazi ya kila kimoja, na si jambo gumu. Flaiwili ina sumaku ndani. Ikizunguka, sumaku zinapita mbele ya koili ya kuchaji, nayo inazalisha umeme wa volti mia na kitu au zaidi. Umeme huo unaingia kwenye CDI na kuhifadhiwa. Koili nyingine ndogo, pulsa, inasubiri alama fulani ya flaiwili ipite mbele yake; ikipita, inaiambia CDI "sasa". CDI inaumwaga umeme wote kwa mkupuo kwenye koili ya plagi, ambayo inaupandisha kufikia maelfu mengi ya volti, na plagi inapiga cheche. Betri haihitajiki.

Tazama basi nani anaamua wakati wa moto. Flaiwili kwa alama yake, pulsa kwa mahali ilipofungwa, na CDI kwa hesabu iliyojengewa ndani. Hao watatu ndio wanaofanya kazi kwa makubaliano. Koili ya plagi haina neno katika wakati. Inapokea na kupandisha tu. Ndiyo maana koili inaazimika na wengine ni shida.

Koili ya plagi: hapa bana matumizi

Kwenye koili, sioni sababu ya kulipa bei ya halisi kama huna. Kopi zipo nyingi, na mashine za farasi 15 na 40 zinazouzwa sana Afrika Mashariki zina koili za kopi karibu kila mji wenye maduka ya spea za boti. Tofauti kubwa kati ya halisi na kopi ni jinsi zilivyozibwa zisiingie maji, na ubora wa waya unaokwenda kwenye plagi. Ukinunua kopi, chagua ile ambayo waya wake unaweza kufunguliwa na kuwekwa mwingine, na paka silikoni pale waya unapoingia.

Koili ya pikipiki nayo inafanya kazi, alimradi itoke kwenye pikipiki ya CDI. Zile za mifumo ya zamani ya platini zimesukwa kwa namna tofauti na moto wake utakuwa dhaifu. Faida ya koili ya bodaboda ni kwamba inapatikana mpaka kijijini, tena kwa bei ndogo. Hasara yake ni kwamba haikutengenezwa kuishi karibu na maji ya chumvi. Ichukulie kama ya kukufikisha mwisho wa giza hili. Usiifanye ya kudumu.

Kwenye fukwe za watalii huonekana pia jeti-ski za kusimama za zamani zilizokufa, na wenye nazo hukubali kuziuza vipande vipande. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 ni za stroku mbili, silinda 2, kuanzia cc 440 hadi 750 hivi, na watu huona "silinda mbili, stroku mbili" wakadhani ni ndugu wa mashine ya boti. Si ndugu wa karibu. Injini hizo huzunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika, wakati mashine ya boti ya kawaida hufikia takriban 5,000 ikiwa wazi kabisa. Nyingi huwashwa kwa betri na stata. Hata kati ya jeti-ski za mtengenezaji mmoja, flaiwili ya injini ndogo na CDI ya injini kubwa haziendi pamoja hivi hivi. Wanaozifufua huko Marekani na Ulaya huhamisha seti nzima. Kwako wewe mwenye boti, chukua koili, kofia za plagi, na lile sanduku lisilopitisha maji ambalo vifaa vya umeme vimefichwa ndani yake. Sanduku hilo, pamoja na mipira yake ya kupitishia nyaya, ndilo kitu cha thamani zaidi pale. Koili ya bodaboda ikikaa humo itadumu. Flaiwili na CDI mwachie.

CDI: hapa usibahatishe

Wengi huumia hapa. CDI mbili zinaweza kuwa na umbo moja, plagi za nyaya zinazofanana, rangi za nyaya zile zile, na mashine ikawaka nazo zote mbili. Kisha moja inakuunguzia pistoni baada ya wiki.

Sababu ni namna moto unavyowahishwa. Mashine ikizunguka polepole, moto unatakiwa uje pistoni ikiwa karibu kufika juu. Ikizunguka kasi, moto unatakiwa uwahi, kwa mashine nyingi za aina hii nyuzi 20 hadi 30 kabla. Baadhi ya mashine huwahisha kwa chuma: unapozungusha gesi, bamba lililobeba koili chini ya flaiwili nalo linazunguka. Nyingine huwahisha kwa CDI yenyewe, kwa hesabu ya ndani, na bamba limefungwa halisogei.

Sasa weka CDI inayowahisha kwa hesabu kwenye mashine ambayo bamba lake linazunguka. Moto unawahishwa mara mbili. Mashine itakufurahisha mwanzoni, ina nguvu, inaitika haraka. Kisha inaanza kugonga, pistoni inapata joto kupita kiasi, na inatoboka. Ukifanya kinyume, CDI isiyowahisha kwenye bamba lisilosogea, moto unachelewa daima: boti haipandi juu ya maji, petroli inakwenda kwa wingi, na ekzosti inachemka. Petroli hiyo ya ziada haimo kwenye risiti ya spea, lakini unailipa kila usiku.

Kuna na ulinzi uliomo ndani ya CDI. Kwenye baadhi ya mashine, CDI ndiyo inayopunguza mzunguko joto likizidi, au oili ikipungua kwenye zile zenye tangi la oili. Ukiweka isiyo na ulinzi huo, mashine itakwenda mpaka ifie njiani bila kukuonya. Na ukiweka yenye ulinzi kwenye mashine isiyo na vihisio vyake, inaweza kubana mzunguko muda wote, nawe ukadhani tatizo ni kabureta.

CDI ya silinda 3 usiijaribu kwenye silinda 2 hata kama nyaya zimebaki. Ya bodaboda pia iache. Nyingi ni za silinda 1, baadhi hutaka umeme wa betri ambao mashine yako haina, na hesabu yake ya kuwahisha ni ya injini inayozunguka kasi kuliko ya boti.

Utajuaje basi CDI ipi ni sawa? Kwa namba iliyochapwa juu yake. Kwa mtengenezaji mmoja mkubwa wa Japani, ambaye mashine zake zimejaa kwenye miji yetu, tarakimu na herufi tatu za mwanzo zinaonyesha ukoo wa mashine. Zikilingana tatu hizo na sehemu ya katikati ya namba, uko salama. Tarakimu za mwisho mara nyingi huonyesha marekebisho ya baadaye. Na hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaijui: mashine za farasi 9.9 na 15 za watengenezaji kadhaa zimejengwa juu ya bloku moja, tofauti yao ikiwa kabureta na njia za hewa, kwa hiyo mfumo wa moto mara nyingi ni ule ule. Mashine ya 9.9 iliyolala kwa jirani inaweza kuwa ndiyo spea yako. Thibitisha kwa namba, usithibitishe kwa macho.

Kopi au halisi? Tupige hesabu kwa bei za mfano tu. Weka zako mahali pake. Tuseme CDI halisi ni Sh 400,000 na kopi ni Sh 100,000. Ufundi Sh 30,000 kila mara, na mzigo wa basi kutoka mjini Sh 10,000. Halisi inakugharimu Sh 440,000. Kopi ni Sh 140,000. Ikifa na ukanunua ya pili, umefika Sh 280,000. Ya tatu, Sh 420,000, na sasa umekaribia bei ya halisi huku ukiwa umepoteza usiku mbili za kazi, pengine na fedha za kuvutwa na boti nyingine mpaka nchi kavu.

Kwa hesabu hiyo, anayevua karibu na ufuko na anayeweza kurudi kwa kasia hakosei akinunua kopi, hasa kama ataweka ya pili ndani ya boksi kavu. Anayekwenda mbali akiwa na watu sita ndani anunue halisi, hata kwa kukopa kwenye chama. Mashine ikizimika huko nje upepo ndio unaoamua watu wanakokwenda, na hakuna bei ya kopi inayofidia hilo.

Ya mtumba iliyotoka kwenye mashine ya ukoo ule ule iko katikati. Mimi ningeichagua kuliko kopi mpya kwa masharti mawili: iwe imetolewa kwenye mashine iliyokuwa inawaka, na nipewe nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa yote. CDI haipimiki vizuri kwa mita ya kawaida ya umeme. Fundi anayegusa pini mbili kwa mita na kutangaza kwamba CDI ni nzima anabahatisha. Kipimo cha uhakika kwa mtu wa kawaida ni kuifunga kwenye mashine inayolingana nayo.

Flaiwili na koili za chini

Koili ya kuchaji na pulsa unaweza kuzipima kwa mita. Zikiwa zimekatika ndani, mita haitasoma kitu; zikiwa nzima, zitasoma omu kadhaa, mara nyingi mamia, na kiasi sahihi kipo kwenye kitabu cha mashine yako. Lakini kuna koili inayokufa ikipata joto tu. Mashine inawaka asubuhi vizuri, inakwenda nusu saa, inazima, ikipoa inawaka tena. Koili hiyo ikipimwa ikiwa baridi itaonekana nzima. Mpe fundi habari hiyo mapema, aipime mashine ikiwa bado ya moto.

Kuazima koili hizi kwenye mashine ya ukoo mwingine kunahitaji bahati nyingi kwa wakati mmoja. Matundu ya skrubu yalingane. Pengo kati ya pulsa na flaiwili liwe sawa, nalo ni dogo sana, karibu na milimita 1 au chini yake. Sumaku ziwe na mpangilio ule ule. Koili izalishe umeme ambao CDI yako inautarajia. Kimoja kikikosekana, moto ni dhaifu, au haupo, au unakuja ovyo. Na rangi za nyaya zisikudanganye, kwa sababu waya mweupe kwa mtengenezaji mmoja si kazi ile ile kwa mwingine.

Flaiwili peke yake ni mbaya zaidi. Tundu lake la katikati limechongwa kwa mteremko unaolingana na krenki yake. Isipokaa sawasawa itaikata kii, na baadaye itaila krenki, ambayo bei yake inaweza kufanya mashine isifae kutengenezwa tena. Kwa hiyo ukiamua kuhamisha, hamisha flaiwili, bamba, koili na CDI kama seti, kutoka mashine ya ukoo mmoja.

Gharama iliyojificha hapa ni pula. Flaiwili hutolewa kwa pula, kifaa cha boliti tatu kinachoivuta juu taratibu. Fundi asiye nayo huchukua nyundo na kupiga ncha ya krenki. Sumaku hupasuka au kubanduka, krenki hupinda, beringi huumia, na wewe hutajua mpaka wiki ijayo. Uliza kabla ya kukubaliana bei ya ufundi: "Pula unayo?" Kama hana, ni nafuu kumlipia akodi kuliko kumwacha apige. Na nati ikirudishwa ikazwe kwa spana ya kipimo. Iliyolegea ndiyo inayokata kii.

Kusuka upya je? Mafundi wa mota za umeme wanaweza kuisuka koili ya taa, ile yenye waya mnene na mizunguko michache, kwa bei nzuri, na kazi ikadumu. Koili ya kuchaji ni jambo jingine: waya wake ni mwembamba mno na mizunguko ni mingi sana. Ikikosewa hesabu ya mizunguko au ikanyimwa vanishi ya kutosha, chumvi itaimaliza upesi. Isuke kama mashine yako ni ya toleo ambalo spea zake hazipatikani tena. Kama zinapatikana, nunua.

Na hilo la kupatikana lipime kabla hata ya kununua mashine. Mashine mpya za stroku mbili za kabureta ziliondolewa kwenye masoko ya Marekani na Ulaya kwa sababu ya sheria za moshi, lakini huku Afrika bado zinauzwa, na spea za matoleo ya huku zipo. Mashine ya mtumba kutoka Ulaya au Ghuba inaweza kuwa ya bei nafuu na yenye rangi safi, ila ikawa ya ukoo ambao haukuwahi kuuzwa hapa. Siku ikipoteza moto, utaagiza CDI kutoka nje, ulipie usafiri na ushuru, na usubiri huku giza likipita. Kabla ya kulipia mashine, nenda na namba yake dukani, Kariakoo, Mwanza au Mombasa, uulize bei ya koili na CDI. Muuzaji asipoijua, punguza bei ya mashine au iache.

Dukani

Maduka mengi hayapokei tena kifaa cha umeme kikishatoka. Maana yake ni kwamba kosa la kubahatisha unalilipa wewe. Omba muandikiane kwenye risiti: namba ya kifaa, tarehe, na kwamba kikishindwa kuwasha mashine siku ile ile kinabadilishwa. Wapo wanaokubali, hasa mteja akienda na mashine kwenye pikapu na kufungiwa pale pale. Asiyekubali, mwombe punguzo linalolingana na hatari unayoibeba.

Ukiambiwa ni halisi, tazama mgongo wa CDI. Iliyotengenezwa vizuri imejazwa gundi ngumu mpaka ukingoni, haina mapovu wala nyufa, na namba imechapwa wazi. Boksi lenye nembo nzuri si ushahidi, maana hata boksi hughushiwa. Na muuzaji akikwambia kifaa chake "kinaingia kwenye mashine zote", ondoka.

Ukishafunga spea yoyote ya moto, jaribu kuzima kabla ya kujaribu kukimbia. Chomoa klipu ya kamba ya usalama mashine ikiwaka: lazima izime palepale. CDI ya kuazima huweza kuwa na waya wa kuzimia uliofungwa pasipo pake, na mashine isiyozimika mtu akianguka majini ina propela inayozunguka juu yake. Kisha iendeshe karibu na ufuko, kukiwa na watu wanaokuona, angalau nusu saa kwa mzigo wa kawaida. Kuwasha ndani ya pipa la maji kunaonyesha inawaka tu, hakuonyeshi inavyovumilia joto. Mwenye taa ya taimingi akiwepo, mlipe aipime. Ni pesa kidogo kuliko pistoni.

Kununua mashine iliyokufa

Kuna njia moja ya kuazima ambayo naiunga mkono bila kusita. Wenye boti watatu au wanne wa mwalo mmoja, wenye mashine za ukoo mmoja, wachangishane kununua mashine moja iliyokufa ya ukoo huo huo, kwa ajili ya spea. Chagueni iliyokufa kwa pistoni, krenki au gia. Iliyozama msiichukue kwa ajili ya moto hata ikiwa imeoshwa, kwa sababu chumvi ikishaingia kwenye koili hufanya kazi yake taratibu. Fungueni kifuniko mbele ya muuzaji, mhakikishe CDI bado ipo na namba ni ile, flaiwili haina alama za nyundo, na nyaya hazijaungwaungwa kwa selotepu.

Bei ya juu ya kukubali ni jumla ya CDI moja ya kopi, koili mbili za kopi, na bamba la mtumba, kwa bei za duka lililo karibu nanyi. Ikizidi hapo mnalipia chuma. Andikeni nani anaitunza na aliyechukua kitu anarudisha nini kabla ya giza linalofuata. Na CDI iliyofunguliwa ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, namba yake ikiandikwa juu kwa kalamu ya wino.